Foleni ya saa 12 asubuhi: kisa cha masasisho kwenye laptopu ya zamani

Mwenye laptopu ni mwalimu mstaafu ambaye siku hizi anahariri miswada ya watu. Aliponiita, Machi 2024, neno sasisho (yale mabadiliko ambayo Windows na programu hujiletea zenyewe, update) halikutoka kinywani mwake. Alisema, "Mwanangu, kompyuta yangu imezeeka. Nikiiwasha naenda kuoga, navaa, narudi, bado inafikiri."

Kabla yangu alikuwa ameshauriwa na watu wawili. Wa kwanza alimwambia anunue nyingine. Wa pili alikuwa fundi, naye alimwambia kinachoila mashine ni masasisho, akayazima "moja kwa moja", akaenda zake. Kwa wiki chache laptopu ikawa nyepesi kweli. Kisha uzito ukarudi, tena ukarudi na nyongeza. Ndipo nikaitwa mimi.

Mashine yenyewe ilikuwa na prosesa ya Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, na diski ya GB 500 ya aina ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika. Ilitoka kiwandani na Windows 8.1, baadaye ikapandishwa hadi Windows 10, na nilipoikuta ilikuwa toleo la 22H2. Kwa mtu anayehariri maandishi, hapo hakuna upungufu wa kutisha. Aya mia tatu za mswada haziisumbui prosesa yoyote iliyotengenezwa ndani ya miaka ishirini iliyopita.

Niliomba nisiguse kitu. Nikamwambia, "Mwalimu, kesho asubuhi fanya kama unavyofanya siku zote, mimi nitakaa pembeni na saa yangu." Hakupenda sana, alitarajia niifungue, niipulize vumbi, nimrudishie. Lakini alikubali, na ile asubuhi moja ya kukaa kimya ilinifunza zaidi ya programu yoyote ya kupima kasi.

Alibonyeza kitufe saa 12 kamili. Dakika ya tatu akaandika nywila. Dakika ya tano picha ya mezani ikatokea, na mtu asiyejua angedhani mashine iko tayari. Akabofya mswada. Mswada ulifunguka dakika ya 22.

Nilichokiona kwenye foleni

Wakati tukisubiri nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinaitumia mashine, nalo lilichukua dakika nzima kujitokeza. Prosesa ilikuwa inatumika kwa theluthi hivi. RAM ilibana lakini haikuwa imejaa. Intaneti ilikuwa karibu imelala. Safu ya diski ndiyo iliyokuwa nyekundu, asilimia 100, na haikushuka. Ajabu, ukitazama diski hiyo inasoma na kuandika kiasi gani, ilikuwa kama MB 1 na nusu tu kwa sekunde. Mtu huuliza: imejaaje kazi na huku haifanyi kitu?

Jibu liko katika namna diski ya kuzunguka inavyofanya kazi. Ina sahani inayozunguka na mkono unaosogea juu yake. Kwa mizunguko 5400 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kwa wastani mkono husubiri milisekunde kama 5.6 ili sehemu inayotakiwa ipite chini yake, ukiacha muda wa kusogea wenyewe. Ukiiomba faili moja kubwa lililolala mahali pamoja, itakupa makumi ya MB kwa sekunde bila kulalamika. Ukiiomba vifaili elfu vilivyotawanyika, inaweza kuhudumia maombi mia moja hivi kwa sekunde, pengine pungufu. Ni kama mtunza stoo mmoja anayetumwa na watu sita kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka msumari mmoja kutoka rafu tofauti. Hachoki kwa uzito wa misumari. Anachoka kwa mwendo.

Na kazi ya kusasisha ni misumari mitupu. Watu wengi huona upakuaji ndio mzigo, kwa sababu ndio unaoonekana ukihesabu asilimia. Kwa laptopu ya zamani upakuaji ni sehemu nyepesi. Baada ya hapo mfumo unafungua furushi, unalinganisha maelfu ya mafaili na yale yaliyomo kwenye folda ya WinSxS, ambako Windows hutunza nakala za mafaili yake, unabadilisha yaliyopitwa, unatunza ya zamani ili uweze kurudi nyuma ukitaka. Kazi hiyo huonekana kwenye Task Manager kwa jina la TiWorker.exe. Pembeni yake alikuwepo MsMpEng.exe, kinga ya virusi ya Windows, ambaye kila faili jipya linaloandikwa anataka kulitazama kabla ya kuliacha lipite. Kwa hiyo mtunza stoo anatumwa msumari, kisha anatumwa tena kuuonyesha kwa mlinzi.

Nyuma ya hao wawili walisimama wengine: kisasishi cha kivinjari, kisasishi cha programu ya kusomea PDF, kisasishi cha programu ya ofisi, na programu ya msaada ya kiwanda kilichotengeneza laptopu, iliyokuwa ikitafuta draiva mpya (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine) kila ilipoamka. Kila mmoja akiwa peke yake hana neno. Wote walipangiwa kuamka mashine inapowaka.

Kulikuwa na mambo mengine mawili yaliyonifanya nisogeze kiti.

La kwanza lilikuwa ule mstari wa Task Manager unaoonyesha mashine imekaa macho kwa muda gani. Ulisema siku 33. Nikamuuliza mwalimu kama huwa anaizima. "Kila usiku, haki ya Mungu." Na alikuwa anasema kweli. Tangu Windows 8 kuna mpangilio unaoitwa Fast Startup: ukibofya kuzima, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, kisha kesho yake kinarudishwa kilekile. Inawaka upesi zaidi, ila kiini hakijaanza upya. Kuanza upya kwa kweli hutokea ukichagua kuwasha upya, au ukichagua kusasisha na kuzima. Mwalimu alikuwa na desturi ya kukwepa chaguo hilo la pili, kwa sababu siku moja lilimweka saa nzima akiwa na safari. Tangu hapo akawa anabofya kuzima kwa kawaida. Masasisho yaliyomalizika nusu yalibaki yakingoja kuwashwa upya kusikokuja.

La pili lilikuwa kwenye historia ya masasisho. Sasisho moja, KB5034441, lilikuwa limeandikwa kushindikana, na chini yake tena kushindikana, na tena, kila mara kwa namba ileile ya kosa, 0x80070643. Sasisho hilo lilitolewa Januari 9, 2024, na shida yake ilijulikana hadharani: linagusa mfumo mdogo wa uokoaji ulio kwenye sehemu yake maalumu ya diski, na linahitaji MB 250 ziwe wazi humo. Kwenye laptopu hii sehemu hiyo ilikuwa ya MB 450 na karibu yote imejaa. Kwa hiyo mfumo ulijaribu, ukashindwa, ukaweka kumbukumbu, ukajaribu tena ulipopata nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa saa 12 asubuhi.

Nikaangalia pia kazi ya yule fundi. Alikuwa ameenda kwenye orodha ya huduma za mfumo na kuizima huduma ya Windows Update. Nilipoitazama mimi, haikuwa imezimwa. Windows 10 ina huduma nyingine, WaaSMedicSvc, ambayo kazi yake ni kuirekebisha ile ya masasisho ikiharibika au ikizimwa. Fundi alifunga mlango wa mbele. Kuna mtu ndani aliyekabidhiwa kuufungua. Na ulipofunguliwa, yaliyokuwa yamelimbikizana nje yaliingia kwa pamoja. Ndiyo ile nyongeza mwalimu aliyoiona.

Kosa langu

Kufikia hapo nilikuwa na washukiwa wengi, nikafanya kosa la kuchagua wa kwanza. Nilijiambia: masasisho yanamsumbua wakati anafanya kazi, na mfumo una mahali pa kuuambia saa za kazi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka saa za kazi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku. Hizo ni saa 18, kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Nikazima na programu mbili tatu zinazoamka zenyewe, nikaaga kwa kujiamini.

Siku ya tatu simu ikalia. "Mwanangu, ni yaleyale."

Nilikuwa nimesoma jina la mpangilio bila kusoma kazi yake. Saa za kazi zinazuia kitu kimoja tu: mashine isijiwashe upya yenyewe ukiwa katikati ya shughuli. Hazizuii kutafuta masasisho, kupakua, wala kuanza kusakinisha. Mwalimu hakuwahi kulalamika kuhusu mashine kujiwasha upya. Nilitibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao.

Nikarudi, na safari hii nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: laptopu hii huwa wazi saa ngapi? Akanihesabia. Asubuhi saa 12 hadi saa 1 na nusu, kila siku. Jioni mara mojamoja, saa nzima au pungufu. Muda mwingine wote imefungwa, iko ndani ya mkoba.

Hapo picha ikakamilika. Windows 10 ina kazi za matunzo ambazo imepangiwa kuzifanya saa 8 usiku: kukagua virusi, kupanga diski, kutazama masasisho. Mashine ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi zinasubiri wakati mwingine ambapo mashine iko wazi na hakuna anayeitumia. Kompyuta ya ofisini ina nyakati kama hizo tele: mtu ameenda kula, yuko kikaoni, ameondoka jioni na kuiacha ikiwaka. Laptopu ya mwalimu haikuwa na dakika hata moja ya aina hiyo. Ilipokuwa wazi, yeye alikuwa mbele yake, alipoinuka, aliifunga. Kila kitu kilichokosa zamu usiku kilijitokeza asubuhi, pamoja na vyote vilivyopangwa kuamka na mashine, na wote hao wakamkuta mtunza stoo mmoja.

Kwa hiyo kuuliza "nizime masasisho au niyaache?" kulikuwa kupotea njia. Kwa laptopu inayotumika saa moja na nusu kwa siku, masasisho yalihitaji kupewa saa yao wenyewe, kwa sababu hakuna saa ambayo yangejipatia.

Kwa nini sikuyazima

Ningeweza kuyazima kwa nguvu zaidi kuliko yule fundi, njia zipo. Kuna wenzangu wanaofanya hivyo kwa kila mashine ya zamani inayopita mikononi mwao na kuona wamemsaidia mtu. Mimi siwezi, na sababu kubwa ilikuwa kazi ya mwalimu mwenyewe. Kila wiki anapokea mafaili kutoka kwa watu asiowafahamu, anayafungua, anayasoma hadi mwisho. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukitaka kumchora mtu anayehitaji viraka vya usalama, yale masasisho yanayoziba matundu ya mfumo, utachora mtu kama yeye.

Na historia iko wazi. Kiraka cha Windows kiitwacho MS17-010 kilitolewa Machi 14, 2017. WannaCry, programu haribifu inayofunga mafaili na kudai fedha, ilienea Mei 12 mwaka huohuo, ikipita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali nchini Uingereza. Miezi miwili ilikuwa imepita, na walioumia wengi walikuwa wale ambao kiraka kilikuwepo lakini hakikuwa kwenye mashine zao.

Upande wa pili nao una historia yake. Oktoba 2018 toleo la 1809 la Windows 10 lilisimamishwa siku chache baada ya kuanza kusambazwa, kwa sababu baadhi ya watu walipoteza mafaili yao. Aliyengoja wiki mbili hakuguswa. Kwa hiyo kukimbilia sasisho siku ya kwanza si lazima, na kulikimbia mwaka mzima ni hatari. Kati ya hapo kuna nafasi ya kutosha kupanga.

Kilichorahisisha mpango ni kwamba masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 ni ya kujumlisha: la mwezi huu limebeba na ya miezi iliyopita. Ukiruka moja, linalofuata linakufikisha palepale. Tena yana siku yake, Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003.

Nikachukua kalenda. Jumanne ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Nikataka ipite zaidi ya wiki moja, ili kama lina kasoro, walioko mbele waigundue, kisha tulisakinishe mwishoni mwa wiki. Hesabu ikatoa Jumamosi iliyo kati ya tarehe 19 na 25. Iko moja tu kila mwezi, siku 11 baada ya ile Jumanne. Na kutoka Jumamosi hiyo hadi nyingine ya namna hiyo ni siku 28 au 35. Siku 35 ndizo hasa kikomo ambacho Windows 10 inakuruhusu kusitisha masasisho. Nakiri nilifurahi peke yangu pale mezani kana kwamba nimevumbua kitu.

Mpango ukawa hivi. Siku zote masasisho yamesitishwa hadi tarehe ya mbali kabisa kwenye orodha. Jumamosi ya mwezi ikifika, mwalimu akimaliza kazi zake za jioni anachomeka chaja, anaacha kifuniko wazi, anabofya kuendeleza masasisho, anaondoka. Niliweka mashine isilale ikiwa kwenye umeme. Kabla ya kwenda kulala anapita, anaiwasha upya kama imemwomba, anaiacha hadi asubuhi ili ile zamu ya saa 8 usiku ipate kufanyika angalau mara moja. Jumapili anasitisha tena. Mfumo hauruhusu kusitisha upya baada ya kikomo kuisha bila kwanza kusakinisha yaliyopo, na kwetu hilo lilikuwa ulinzi: hata akisahau, hawezi kuahirisha milele. Jumamosi nyingine za mwezi mashine inaachwa wazi usiku vilevile, bila kuendeleza masasisho makubwa, ili ukaguzi wa virusi ufanyike usiku. Orodha za virusi vipya haziguswi na usitishaji huo. Zinaendelea kuja, nazo ni ndogo.

Fast Startup niliiacha. Ningeweza kuizima na lile tatizo la siku 33 lingeisha, lakini kwa diski ile kila asubuhi ingeongezeka dakika kadhaa. Kuwasha upya mara moja kwa wiki kulitosha.

Kivinjari sikukiwekea kizuizi chochote. Kwa mtu wa kawaida kivinjari ndicho kinachokutana na mabaya ya dunia kabla ya kitu kingine chochote, na masasisho yake huisha kwa kukifunga na kukifungua tena. Shida ni kwamba mwalimu hakufungi. Alikuwa na vichupo zaidi ya arobaini, vingine vya mwaka uliopita. Tulikaa tukavipunguza kimoja kimoja, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko mipangilio yote niliyotaja, kwa sababu kila kichupo kilikuwa na hadithi.

Programu ya kusomea PDF niliiondoa pamoja na kisasishi chake, kwa kuwa kivinjari kinasoma PDF. Ile ya kiwanda niliiondoa pia. Ilikuwa imewahi kumletea draiva ya pedi ya kugusia iliyofanya mshale uruke ovyo, na draiva iliyokuwepo ikifanya kazi vizuri kwenye mashine ya umri huu sioni haja ya kuibadilisha.

Lile sasisho lililokuwa likishindikana lilinifikirisha zaidi. Njia rasmi ilikuwa kuipanua sehemu ya uokoaji: kuzima mfumo wa uokoaji kwa amri ya reagentc, kupunguza sehemu kuu ya diski kwa MB 250, kufuta sehemu ndogo na kuiunda upya, kisha kuuwasha mfumo. Nimeifanya kwenye mashine nyingine, si ngumu. Lakini hapa nilikuwa na diski ya zamani ambayo sikuiamini, na kosa moja la kuchagua sehemu isiyo yenyewe lingefuta miswada. Nikatazama kiraka chenyewe kinaziba nini: tundu linalomwezesha mtu aliyeishika mashine mkononi kukwepa ufungaji wa BitLocker, kufuli ya Windows inayoifanya diski isisomeke bila ufunguo. Laptopu ya mwalimu haikuwa na BitLocker. Kiraka cha kufuli ambalo halipo. Nikalificha sasisho hilo kwa kifaa cha wushowhide.diagcab, likaacha kujaribiwa. Kwenye mashine yenye BitLocker nisingefanya hivyo.

Nimesimulia yote haya kwa mpangilio usio wa kweli, kwa sababu jambo la kwanza nililofanya niliporudi mara ya pili lilikuwa kunakili miswada yote kwenye diski ya nje, kisha kuunda nukta ya kurejesha mfumo, alama ya kuurudisha ulivyokuwa mambo yakiharibika. Huduma hiyo ya nukta za kurejesha ilikuwa imezimwa, kama nilivyoikuta kwenye Windows 10 nyingi.

Kilichofuata

Jumamosi ya kwanza mashine ilifanya kazi tangu saa 12 jioni hadi karibu saa 7 usiku. Mwalimu alinipigia mara mbili kuniuliza kama imekufa. Nilimwambia aangalie taa ya diski. Ikipepesa, iko hai. Alikuwa ameweka karatasi juu ya vitufe, ameandika kwa herufi kubwa: USIFUNGE. Anaishi na wajukuu.

Wiki iliyofuata mswada ulifunguka dakika ya 6. Dakika sita si kasi ya kujivunia, na kijana wa leo angeitupa mashine dirishani. Mwalimu alisema sasa anaoga na kurudi akiikuta inamngoja yeye.

Mpango ulivunjika mara moja. Mwezi mmoja alisafiri, Jumamosi ikapita, siku za kusitisha zikaisha. Aliporudi na kufungua laptopu Jumatatu, foleni nzima ilikuwa mlangoni. Safari hii hakuniita. Alichomeka chaja, akaiacha wazi, akahariri kwenye karatasi asubuhi hiyo. Aliponisimulia baadaye nilijua kazi imefika mahali pake, maana shida ilikuwa ileile lakini yeye alijua ni kitu gani kinachomngojesha.

Baada ya miezi kadhaa niliipima diski nikakuta sekta zilizohamishwa zikiongezeka, dalili kwamba sahani imeanza kuchoka. Tukainakili yote kwenda SSD ya GB 240. Alichokuwa nacho kilijaa nusu tu. SSD haina mkono wala sahani, na maombi madogomadogo inayahudumia kwa makumi ya maelfu kwa sekunde. Mswada sasa unafunguka kabla ya dakika moja kwisha. Sasisho la mwezi humalizika kabla ya taarifa ya habari kuisha.

Nimejiuliza kama ningesema SSD tangu siku ya kwanza. Kwa upande wa kasi, ndiyo. Nusu ya nilichopanga isingehitajika. Ila siku ile nilikuwa nimeketi na mtu aliyekwisha kuambiwa mashine yake ni ya kutupwa, na sikutaka kumwambia atumie fedha kwenye kitu ambacho sijakielewa. Na ratiba ya Jumamosi imebaki hata baada ya SSD, kwa sababu zile siku 11 za kungoja hazikuwa kwa ajili ya diski.

Oktoba 14, 2025 Windows 10 ikafika mwisho wa masasisho yake ya kawaida. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Ya mwalimu ni ya nne. Kuna njia za kuusakinisha kwa kukwepa ukaguzi, nami nilizikataa, kwa kuwa mashine iliyoingia kwa mlango wa nyuma haiahidiwi masasisho, na hapo tungekuwa tumezunguka na kurudi kule tulikoanzia. Tulijaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, kutoka kwenye kijiti cha USB kwa wiki moja. Aliipenda, hasa namna inavyomwonyesha masasisho na kumwacha achague mwenyewe. Kilichomrudisha ni yale maoni ambayo wahariri wenzake huyaandika pembeni mwa mswada: kwenye mswada mmoja mrefu mpangilio wake ulihama, akahofia kumrudishia mtu kazi iliyovurugika.

Akachagua kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama, unaohitaji toleo la 22H2 na akaunti ya mtandaoni, na unaofika Oktoba 13, 2026. Vinavyokuja humo ni viraka vya usalama tu, hakuna mapambo mapya, kwa hiyo Jumamosi zimekuwa fupi zaidi. Karatasi ya USIFUNGE bado anayo. Ameigeuza, upande wa nyuma ameandika hiyo tarehe, akaibandika ndani ya mkoba wa laptopu, na chini yake: "Kumwita kijana, mwezi mmoja kabla."